Somo: Kumpokea farasi jike mzee aliyestaafu mbio

Jike ninayemzungumzia ana miaka 19. Jina lake la mbio lilikuwa la Kizungu, refu kama treni. Bandani tunamwita Nyanya. Alikimbia Ngong akiwa kijana, akazalishwa, akauzwa, akauzwa tena, mwisho akakutwa amefungwa kwenye shamba la mawe, mbavu zikihesabika ukiwa barabarani. Mimi ni saisi, mwaka wa 23 sasa, kati ya Karen na Naivasha. Nawaandikia tulivyompokea kwa sababu farasi hawa wa mbio, Thoroughbred, huponyoka mikononi mwa watu wiki ya kwanza, tena watu wenye moyo mzuri. Alivumilia njaa mwaka mzima, kisha anauawa na shibe.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya lori

Usipakie mnyama bila barua ya makabidhiano yenye sahihi. Huruma yako haitakusaidia siku mmiliki wa zamani akirudi kumdai akiwa amenenepa. Omba pasipoti yake, na daktari apitishe kisomeo cha chipu, kile kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi, upande wa kushoto wa shingo. Isipokuwepo, soma meno. Jino la pembeni la juu lina mfereji mweusi: huchungulia kwenye ufizi kwenye mwaka wa 10 hivi, hufika nusu ya jino miaka 15, na ncha kabisa miaka 20. Wa Nyanya ulikuwa umebakiza kidogo kufika chini. Tukakisia 18 au 19, kumbukumbu za namba ya chipu zikasema 19.

Hatua ya 2: Siku ya kuwasili

Banda lake liwe mbali na wengine wiki tatu, na ndoo yake na brashi yake. Matandiko mazito, maana mifupa ikigusa sakafu huchuna ngozi. Maji safi yasikatike. Kisha mpime akiwa ametulia: joto kati ya 37.5 na 38.5, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16. Andika ukutani kwa chaki.

Mizani ya farasi ni wachache walio nayo, kwa hiyo tumia futi ya fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, halafu pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kwa sentimita. Kifua mara kifua, mara urefu, gawanya kwa 11,877, unapata kilo. Nyanya alikuwa kifua 172 na urefu 158: kilo 394. Jike wa kimo chake hutakiwa awe 450 na kuendelea.

Hatua ya 3: Siku kumi za chakula

Hapa mnisikilize vizuri.

Mwaka wangu wa pili kazini, kwenye banda fulani, waliletwa farasi wawili, mifupa mitupu. Mmoja nikampa ndoo ya shayiri na pumba za ngano zilizochanganywa na molasi. Akala, akalamba ndoo, nikafurahi. Siku ya nne akaanza kutetemeka, akalala, hakuinuka tena. Daktari alinieleza tukiwa tumesimama pale pale: mwili uliozoea njaa ukipewa wanga na sukari kwa ghafla, insulini hupanda, na madini machache yaliyosalia kwenye damu, hasa fosforasi, potasiamu na magnesiamu, huvutwa yote kuingia kwenye seli. Moyo na misuli vinabaki bila kitu. Ile ndoo bado naiona.

Kwa hiyo Nyanya alipofika hakupata hata konzi ya nafaka. Alipata alfaalfa kavu, ile wengine mnaiita luseni, kwa kuwa ina protini na madini mengi na wanga kidogo. Siku tatu za kwanza ni nusu kilo kila baada ya masaa manne, mchana na usiku, yaani kilo tatu tu kwa siku. Utaona kama unamtesa. Atakufuata kwa macho, atapiga mlango kwa kwato. Sisi tuligawana zamu, askari wa usiku akapewa ya saa nane, na alinuna wiki nzima. Kuanzia siku ya nne unaongeza kidogo kidogo na kupunguza idadi ya milo, hivi kwamba siku ya sita anakula kama kilo mbili kila baada ya masaa manane. Baada ya siku ya kumi ndipo anaachiwa ale atakavyo, alfaalfa na nyasi kavu za Rhodes, pamoja na jiwe la chumvi.

Nafaka isubiri wiki kadhaa, na ikija ije kwa vikombe. Na jambo ambalo sichoki kulirudia: usimpe chakula cha kuku wala cha ng'ombe, hata siku moja uliyoishiwa. Baadhi huwekwa monensini, dawa ambayo kuku anaivumilia lakini kwa farasi ni sumu ya moyo, hata kiasi kidogo.

Hatua ya 4: Meno, minyoo, kwato

Karibu na ndoo yake ya maji nilikuwa naokota vibonge vya nyasi zilizotafunwa nusu, vimelowa mate, vya ukubwa wa kidole gumba. Hiyo maana yake meno hayasagi. Magego yake yalikuwa yameota ncha kali zikimkata shavu kwa ndani. Daktari alisubiri apate nguvu kwanza, kwa sababu kupiga tupa kunahitaji sindano ya usingizi, na tukawa tunamlowekea alfaalfa iliyokatwakatwa mpaka ikawa kama uji mzito.

Dawa ya minyoo isiwe ya siku ya kwanza. Peleka kinyesi maabara wahesabu mayai, daktari aamue dawa na lini. Minyoo mingi ikifa kwa mpigo ndani ya utumbo dhaifu ni balaa nyingine. Kwato, fundi apunguze kidogo tu mara ya kwanza, kisha kila wiki 6 hadi 8. Hawa wa mbio wana nyayo nyembamba, ukizichonga kwa mkupuo atachechemea mwezi.

Hatua ya 5: Usubi na kupe

Homa ya farasi ya Afrika huletwa na usubi, na hushamiri baada ya mvua. Punda milia hubeba virusi vyake bila kuugua, na wanaoishi karibu na mbuga wanalijua hilo. Chanjo ni ya kila mwaka, ila daktari ndiye atasema lini mwili wa aliyekonda unaweza kuibeba. Msimu wa usubi mwingize bandani kabla ya saa kumi na moja jioni, asitoke hadi saa mbili asubuhi. Ukiona mashimo ya juu ya macho yamevimba, au povu puani, simu kwa daktari papo hapo.

Kupe huleta homa ya damu. Kila jioni pekua masikioni, chini ya singa na chini ya mkia, halafu inua mdomo utazame ufizi. Ukiwa mweupe au wa manjano, usingoje kesho.

Maswali ya wanachama, kila mmoja na anakotoka

*Nanyuki: Mwalimu, mimi nina punda wawili tu. Wanamtosha kama wenzake?*
Wanamtosha, na ni bora kuliko kukaa peke yake. Farasi wa pekee hutembea huku na huko kando ya ukuta hadi achoke. Lakini punda hubeba minyoo ya mapafu bila kukohoa, na farasi akiipata hukohoa sana. Wapimwe na watibiwe kabla ya kuchanganywa.

*Kiambu: Kaka, wangu mbavu bado zinaonekana lakini tumbo linashuka. Amenenepa au ni minyoo?*
Au ana mimba. Ulimpokea lini, na kulikuwa na dume alikotoka? Mimba ya farasi ni miezi 11, kwa hiyo anaweza kuja nayo bila mtu kujua. Mwite daktari ampige picha. Jibu lake litabadilisha chakula na dawa zote.

*Kinangop: Mzee, jike wangu ana miaka 22, manyoya marefu kama ya kondoo hata jua likiwaka, na anakunywa maji kupita kiasi. Ni baridi ya huku kwetu?*
Baridi haimfanyi farasi asidondoshe manyoya. Kwa umri huo mwambie daktari apime damu kwa ugonjwa wa tezi ya pituitari. Hauponi, lakini kuna vidonge vya kila siku vinavyousaidia. Wakati unangoja majibu, molasi na nafaka weka kando kabisa, maana hao hupata maumivu ya kwato upesi.

*Karen: Lini nitampanda?*
Labda kamwe, dada. Kwanza miezi, nyama irudi mgongoni. Mpeleke matembezi kwa kamba, halafu daktari atazame miguu, kwa sababu kano zilizoumia mbioni huficha. Nyanya hapandwi. Watoto humpiga brashi, basi.

*Ruiru: Kuna farasi kwa jirani anakonda kila wiki. Nimnunue?*
Ukimnunua, banda lile litajazwa mwingine. Piga picha, andika tarehe, ripoti KSPCA, chama cha kulinda wanyama Kenya. Kumnyima mnyama chakula ni kosa chini ya sheria za Kenya, Sura ya 360.

*Ngong: Na Nyanya mwenyewe je?*
Nilimpima Jumapili: kifua 186, kilo 460. Sasa anakula mara mbili kwa siku na nyasi ziko mbele yake saa zote, lakini saa nane usiku bado anapiga mlango. Askari anainuka, anampa konzi moja ya nyasi, anarudi kukaa. Sikumwambia aache.