Kuunga karatasi ya zamani iliyochanika

Selotepu haifai hata kwa muda. Ikishakaa miaka kadhaa gundi yake hugeuka manjano, huzama kwenye nyuzi za karatasi, na kuitoa huko ni kazi ya maabara. Wahifadhi wa hati hutumia gundi ya wanga wa ngano, kwa sababu ukiilowesha kidogo inaachia hata baada ya miaka mingi. Fanya mazoezi kwanza kwenye kurasa za kitabu kibovu: chana, unga, bandua, unga tena.

Kabla ya yote, jaribu wino. Hati nyingi za zamani zenye herufi za Kiarabu zimeandikwa kwa wino wa masizi. Masizi hayapauki, ila utomvu unaoyashika huyeyuka kwa maji. Gusa nukta moja isiyo na umuhimu kwa ncha ya brashi yenye unyevu, kisha kandamiza kipande cha karatasi ya kukaushia wino. Kikipata rangi, ishia hapo. Wino wa kahawia uliotoboa karatasi kwenye mistari ya herufi huenda ni wa chuma, na huo usiuguse kwa maji kabisa, kwani maji husambaza chuma na kuharibu hata sehemu iliyokuwa nzima.

Gundi: sehemu 1 ya wanga kwa sehemu 5 za maji yaliyokenekwa. Tumia wanga, si unga wa ngano. Unga una gluteni, yaani protini ya ngano, na wadudu wanaupenda. Maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa na mvuke wake kugandishwa kuwa maji safi, huuzwa pia kama maji ya betri. Ukinunua hayo, soma kibandiko vizuri, maana asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa za namna hiyohiyo. Loweka wanga dakika 30, kisha upike kwa moto mdogo dakika 20 hadi 30 bila kuacha kukoroga. Utakuwa mzito na mweupe, halafu weupe utapungua na kuanza kupitisha mwanga. Ukiepua kabla ya hapo, gundi haitashika. Ikipoa, ipitishe kwenye chujio laini mara 3, ndipo uongeze maji kidogo kidogo hadi ifanane na mtindi mwepesi. Tengeneza ya siku chache tu na uiweke kwenye friji. Ikichacha, mwaga.

Kiraka ni karatasi nyembamba ya Kijapani yenye nyuzi ndefu, gramu 5 hadi 10 kwa mita ya mraba. Iwe dhaifu kidogo kuliko hati, ili siku mkono ukivuta kichanike kiraka na hati ipone. Usiikate kwa mkasi. Chora mstari kwa brashi ya maji, subiri maji yaingie, uvute pande mbili polepole. Utapata ukanda wa milimita 6 hadi 8 wenye kingo za manyoyamanyoya. Ukingo ulionyooka kwa mkasi hujenga ngazi, na karatasi hukunjika na kuchanika upya papo hapo.

Sasa tazama mchano wenyewe kwa karibu, ikibidi kwa lenzi. Karatasi haichaniki wima. Huacha midomo miwili ya mshazari, mmoja ukilalia mwingine. Ukiipanga kinyume, mstari mweupe utaonekana usoni na herufi hazitakutana. Hapa ndipo wanaoanza huharakisha.

Geuza hati, upande usio na maandishi uwe juu. Paka ukanda gundi juu ya kioo, unyanyue kwa kibano, ulaze juu ya mchano na kuugonga taratibu kwa brashi kavu. Funika kwa kitambaa cha polista kisichofumwa, kisha karatasi ya kukaushia, kioo na uzito. Baada ya dakika 5 badilisha karatasi ya kukaushia. Ile ya kwanza imeshashiba maji. Acha saa kadhaa, na msimu wa mvua acha hadi kesho yake.

Karibu kila kasoro hutokana na maji mengi. Mstari wa kahawia kandokando ya kiraka ni uchafu uliosukumwa na maji. Mawimbi ni dalili kwamba uzito uliondolewa mapema. Kiraka kikingʼaa, gundi ilikuwa nyingi. Kikibanduka, ilikauka kabla ya kulazwa. Kurekebisha, pitisha brashi yenye unyevu juu ya ukanda, subiri dakika 1 au 2, uunyanyue kuanzia ncha kwa kuuvuta kuelekea kwenye mchano, usivute kutoka mchanoni kwenda nje.