Kuunga gata na bomba la kushushia maji

Anzia kwenye tundu la bomba, si upande wa pili. Vuta uzi kwenye fishabodi (ubao wa ukingo wa paa) ukiushusha milimita 5 kila mita kuelekea tunduni: gata ya mita 8 ishuke sentimita 4. Vishikio viwe kila sentimita 60.

Jua la Dodoma hurefusha plastiki. Kwenye kiungo chenye mpira acha nafasi ya milimita 6 hivi; ukibana kabisa, gata itapinda na maji yatachuruzika ukutani.

Kutoka tunduni hadi ukutani tumia elbo mbili za digrii 45 na kipande kifupi katikati. Mdomo mpana wa kila bomba utazame juu; wengine hugeuza, kisha hulaumu gundi. Elbo ya juu usiigandishe kwa gundi: vumbi la kiangazi hugeuka tope mvua za Desemba zikianza, na utahitaji kuifungua usafishe.