Namna ya Kudumu na Dawa za VVU Katika Nyumba Yenye Macho Mengi

Mwanamke anayeishi na VVU hapa Goma akiacha dawa, watu huwahi kusema kwamba amesahau au amepuuza, ilhali mara nyingi kinachomzuia ni macho: ya mume, ya mawifi, ya jirani aliyekutana naye kwenye benchi la kituo cha afya. Kwa hiyo, mama, kabla ya kutega kengele ya simu, jiulize ni nani usiyetaka akuone, kisha upange dawa zako kufuatana na jibu hilo.

Anza na chupa. Chupa ya vidonge 30 hulia kama kayamba ukiwa juu ya moto, yaani pikipiki ya abiria, kwenye njia za mawe ya volkano kule mtaa wa Ndosho, na wale mliowahi kupanga foleni ya dawa pamoja wanaujua mlio huo. Ukiwa njiani tu, shindilia pamba safi na kavu kidogo juu ya vidonge, uitoe ukifika, lakini usitupe kile kifuko kidogo cha kukaushia unyevu, wala usihamishie vidonge kwenye kimfuko cha plastiki, kwa maana unyevu huviharibu. Ukibandua kibandiko cha chupa, kitunze ndani ya kadi yako ya matibabu.

Saa ya kumeza ni yako kuichagua. Wengi bado wanashikilia usiku, desturi iliyobaki tangu enzi za efavirenzi, dawa ya VVU ya zamani iliyokuwa ikileta kizunguzungu na ndoto mbaya. Kidonge kinachotolewa sasa kwa wengi, chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, humezwa mara moja kwa siku, saa yoyote, umekula au hujala. Basi anayeuza samaki sokoni Virunga anaweza kukimeza asubuhi kwenye meza yake, mbali na chumba anachochangia na watu wengine. Ukikosa saa yako, meza mara unapokumbuka, ila usimeze viwili kwa pamoja.

Jambo moja halielezwi vya kutosha kwa wajawazito: vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki, na vile vya kalsiamu, huizuia dolutegraviri isiingie mwilini ipasavyo. Vimeze pamoja na dolutegraviri kwa wakati mmoja ukiwa unakula, la sivyo tanguliza dolutegraviri kwa muda wa saa 2 kabla ya vidonge hivyo au uicheleweshe hadi zipite saa 6 baada yake. Ukiwa kwenye tiba ya kifua kikuu yenye rifampisini, mwambie muuguzi, kwa sababu dolutegraviri huongezwa ikawa mara mbili kwa siku.

Dawa zenyewe ni za bure, lakini nauli ya moto na siku nzima bila kuuza si bure. Hali yako ikiwa imetulia, omba mgawo wa miezi 3 au 6. Uliza pia kama kituo kinakubali wanawake wanne au watano wanaoaminiana wapeane zamu ya kuwachukulia wenzao dawa, kama vile likilimba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, kila mmoja akija mwenyewe siku ya vipimo.

Kuhusu mume, sikubaliani na wanaomhimiza kila mwanamke aseme mara moja. Ikiwa anapiga au anatishia kufukuza, mwambie kwanza dada au rafiki mmoja atakayekupokea usiku wa manane. Kama kuna amani, mwaliko wa kupimwa pamoja hufungua mazungumzo kwa upole. Sheria ya Kongo ya tarehe 14 Julai 2008 inawalinda wanaoishi na VVU, na mhudumu wa afya hana ruhusa ya kuitoa siri yako.

Vita vilipoingia mjini Januari 2025, watu walikimbia na kilichokuwa mkononi. Yakariri majina ya dawa zako, na picha ya kadi umwachie yule uliyemwambia siri.

Na kama ulikwisha kuacha, rudi na chupa tupu, useme ni tangu lini, uanze tena. Kisha udai kipimo cha wingi wa virusi, ambacho wauguzi wetu hukiita shaji virali. Virusi vikishuka hadi visionekane katika kipimo hicho na vikabaki hivyo, humwambukizi mwenzako kwa kujamiiana.