Somo: Oksijeni ya ambulensi itakufikisha wapi? Piga hesabu kabla ya kuwasha gari

Somo hili ni la wenzangu wanaosindikiza wagonjwa wa rufaa: wauguzi, matabibu, wakunga, na madereva pia, maana kwenye safari ndefu dereva ndiye fundi wa kila kitu. Ambulensi zetu hukaguliwa mafuta, matairi na king'ora, halafu mtungi wa oksijeni unatupiwa jicho tu. Mshale uko kwenye kijani, basi twende. Lakini kijani hicho hakijui unakwenda Kibaha au Muhimbili. Geji inakwambia gesi imeshindiliwa kiasi gani mle ndani. Itadumu dakika ngapi ni hesabu yako, na inapigwa mgonjwa akiwa bado wodini.

Nitatumia safari moja mwanzo hadi mwisho: mtu mzima anatolewa Morogoro kwenda Muhimbili, kilomita 190 na ushei, daktari ameandika barakoa yenye mfuko, lita 10 kwa dakika.

Hatua ya 1: Ujue ujazo wa mtungi wako

Tazama bega la mtungi, pale chuma kinapopinda kuelekea kwenye koki. Kuna herufi na namba zilizogongwa kwenye chuma chenyewe. Tafuta WC au V, kisha namba, kisha L. Huo ndio ujazo wake kwa maji: WC 10 L maana yake ungeujaza maji zingeingia lita 10. Usichanganye na TP, ambayo ni shinikizo la majaribio, wala TW, uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Mitungi mingi imepakwa rangi juu ya rangi hadi chapa zimezama. Zima taa, mulika kwa tochi ya simu kwa pembeni, kivuli kitakuonyesha namba. Ukishaipata, iandike kwenye kadi uifunge kwa uzi shingoni mwa mtungi, ili wa zamu ijayo asianze upya.

Mitungi ya mfumo wa Uingereza, ambayo imeenea kwetu, hupangwa kwa herufi. Ukiwa umejaa, D hubeba takriban lita 340 za gesi, E lita 680, F lita 1,360, G lita 3,400 na J lita 6,800. Ndani ya Land Cruiser ya kawaida utakutana zaidi na E na F. J ni lile dude la wodini. Likikatika mikanda gari likiwa mwendoni, ni bomba la chuma linaloruka.

Rangi isikutoshe. Kwa mfumo wa zamani wa Uingereza, mtungi mweusi wenye mabega meupe ni oksijeni ya hospitali, na mweusi mtupu ni oksijeni ya viwandani, ya mafundi wa kuchomelea. Siku hizi kuna mweupe mzima. Soma lebo.

Hatua ya 2: Fungua, kisha usome geji huku gesi inatoka

Mikono mikavu, isiyo na mafuta ya kujipaka, grisi wala losheni. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini grisi ikikutana nayo ikiwa na shinikizo kubwa inaweza kulipuka moto bila kiberiti. Dereva aliyetoka kufungua boneti asiguse koki kabla ya kunawa kwa sabuni na kujikausha.

Kabla ya kufunga regyuleta (kile kichwa chenye geji kinachopunguza shinikizo la gesi), fungua koki ya mtungi kidogo sana, sekunde moja, vumbi litoke, ufunge. Hakikisha washa ya mpira, ile pete ya kuzuia uvujaji, ipo na haijapasuka. Kaza regyuleta kwa kiasi, bila nguvu za kubadilisha tairi. Kisha fungua koki polepole, uso wako ukiwa pembeni, usiukabili mdomo wa geji.

Sasa sehemu inayowaponza wengi. Geji inaweza kuonyesha mtungi umejaa huku koki imefungwa, kwa sababu gesi ya jana imebaki imenasa ndani ya regyuleta. Inaweza pia kuonyesha umejaa huku koki imefunguliwa nusu tu, na gesi haitoki ya kutosha. Dawa ni moja: fungua mtiririko hadi lita 15, tazama mshale. Ukitulia, sawa. Ukianza kushuka mbele ya macho yako, koki haijafunguka vizuri au kuna kilichoziba.

Kisha funga mtiririko, funga koki ya mtungi, subiri dakika chache. Mshale ukishuka wenyewe, kuna uvujaji. Paka povu la sabuni ya maji isiyo na mafuta kwenye maungio, utaona mapovu yanapochemka. Usizibe kwa tepu. Badilisha washa.

Hatua ya 3: Geuza geji kuwa lita, kisha dakika

Lita zilizopo = (geji kwa bar, toa 20) × WC

Bar ni kipimo cha shinikizo. Zile 20 ni akiba yangu. Mtungi haukamuliwi hadi tone la mwisho, na geji za kwetu si zote zinazosema kweli karibu na sifuri.

Mtungi wetu una WC 10 L na geji inasoma bar 150. Toa 20 inabaki 130, mara 10 ni lita 1,300. Gawanya kwa lita 10 za daktari: dakika 130. Ukitoka Morogoro kwa mwendo wa kawaida, dakika 130 zinakuishia maeneo ya Mlandizi. Muhimbili bado iko mbali.

Hatua ya 4: Hesabu muda wa kweli

Saa ya oksijeni haianzi gari linapoondoka. Inaanza mgonjwa anapotolewa kwenye bomba la ukutani, na inaisha wenzako wa idara ya dharura wanapomwunganisha na bomba lao. Katikati hapo kuna machela kwenye ngazi, makaratasi, ndugu wanaotaka kuaga, foleni ya malori Chalinze, mizani ya Vigwaza, halafu Mbezi, Kimara na Ubungo jioni. Na ukifika, kuna kusubiri kitanda.

Safari hii mimi naipangia dakika 240, kisha naongeza nusu yake: 360. Kwa safari fupi za mjini nazidisha mara mbili, kwa sababu foleni moja inaweza kuwa ndefu kuliko safari yenyewe. Dakika 360 mara lita 10 ni lita 3,600. Mtungi mmoja una 1,300, mitatu ina 3,900. Basi ni mitungi mitatu, si mmoja "na wa akiba". Kama hospitali haina mitatu, hilo lijulikane kabla ya kuondoka: daktari apige simu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Tumbi, Kibaha, mpokelewe hapo mbadilishe mtungi. Ipigwe kabla, si mkiwa getini.

Hatua ya 5: Funga, simamisha, badilisha mapema

Kila mtungi ufungwe mikanda miwili, juu na chini. Flomita (kipimo cha mtiririko) ya bomba la kioo lenye kipira lazima isimame wima, la sivyo inadanganya. Kipira kinasomwa katikati yake, si kichwani. Kichupa cha maji cha kuipa gesi unyevu kikilala, maji yanaingia kwenye mrija na kumfikia mgonjwa, kwa hiyo kama mtiririko ni mdogo, chini ya lita 4, kiache. Kifuniko chake kikikaa vibaya kinavujisha gesi nyingi kuliko unavyodhani.

Mtungi wa pili uwe na regyuleta yake tayari, isiwe ya kuhamisha. Badilisha mtungi geji ikifika bar 30, gari limesimama mahali salama, ambu (mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa mkono) ikiwa karibu. Kila dakika 15 andika geji na saa. Mshale ukishuka kwa kasi kuliko hesabu yako, tafuta uvujaji hapo hapo.

Maswali ya wenzangu

*Muuguzi, kituo cha afya, Kilosa:* Asante kwa somo. Geji yetu ina namba 2000 juu kabisa, haina bar. Nifanyeje?

Hiyo ni psi, kipimo kingine cha shinikizo, dada. Gawanya kwa 14.5 upate bar: 2,000 ni kama 138, 1,000 ni kama 69. Ukikuta MPa, zidisha mara 10. Ukikuta kg/cm², ichukulie sawa na bar, tofauti yake ni ndogo sana. Geji zenye duara mbili, ya ndani psi na ya nje bar, soma moja uishikilie hiyo hiyo safari nzima.

*Dereva wa ambulensi, Ifakara:* Mkuu, nikiwasha king'ora nakata muda sana. Si tupunguze mtungi mmoja, gari linakuwa jepesi?

Hapana, kaka. Panga mitungi kwa muda wa bila king'ora. Kuna mvua, kuna lori limelala barabarani, na king'ora hakisogezi lori. Halafu mwendo wa kasi kwenye matuta unachomoa mirija na unamfanya muuguzi ashindwe kusoma geji. Kazi yako kubwa kwake ni kumwambia ukweli wa muda: "bado saa moja na nusu", siyo "tunafika sasa hivi".

*Tabibu, Babati:* Tulipewa gari la msaada, mtungi wake ni wa kijani, umeandikwa E, hauna WC ninayoiona. Na regyuleta zetu haziingii.

Kijani ni rangi ya oksijeni ya Marekani. Kwa E ya Kimarekani tumia hesabu yao: geji kwa psi, toa 200, zidisha kwa 0.28, gawanya kwa lita za mgonjwa. Mfano 2,000 toa 200 ni 1,800, mara 0.28 ni lita 504. Kwa lita 10 ni dakika 50 tu. Kuhusu regyuleta, usichonge, usilazimishe na usiazime kiungio cha fundi wa kuchomelea. Matundu na nyuzi zimetofautishwa makusudi ili gesi isiyo yake isiingie. Mwombe mhandisi wa vifaa tiba wa mkoa atafute inayolingana, na kabla ya hapo muulize anayewajazia gesi kama anaweza kuujaza mtungi huo. Magari mengi ya msaada mtungi unaisha mara ya kwanza na hapo ndipo unakuwa pambo.

*Muuguzi mkunga, Lindi:* Asubuhi geji ilisoma 150, mchana gari likiwa juani ikasoma 160 na hatujatumia kitu. Imeharibika?

Haijaharibika. Gesi ikipata joto shinikizo linapanda, lakini gesi haijaongezeka. Toka nyuzi 27 hadi 47, bar 150 inakuwa 160 hivi. Tumia kipimo cha asubuhi kwenye hesabu, na usiache gari juani kama kuna kivuli.

*Afisa muuguzi, Njombe:* Kwa nini tusibebe ile mashine ya umeme ya kuzalisha oksijeni tukaachana na mitungi?

Ile ya wodini haikutengenezwa kwa barabara ya vumbi na mitikisiko. Ya lita 5 hula wati 300 na zaidi muda wote, na kigeuza umeme cha gari kikizima umebaki na sanduku. Tena ya lita 5 haimtoshi mgonjwa wa lita 10. Ukiwa nayo inayobebeka, mpe mgonjwa wa mtiririko mdogo, na mtungi uwe garini vilevile.

*Tabibu, Masasi:* Njiani hesabu imekataa, oksijeni haifiki. Naruhusiwa kupunguza lita?

Piga simu kwa daktari aliyeandika rufaa na kwa hospitali iliyo karibu, kisha tazama oksimita, kile kifaa cha kidoleni kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu. Mgonjwa akiwa anasoma 99 kwa lita 10, mara nyingi kuna nafasi ya kushuka huku ukimwangalia, lengo alilokupa daktari ndiyo mwongozo. Lakini heshimu kifaa: barakoa yenye mfuko ikishuka chini ya lita 10 mfuko unanywea, na barakoa ya kawaida chini ya lita 5 humfanya avute tena hewa aliyoitoa. Ukishuka zaidi ya hapo, hamia mirija ya puani. Mtungi wetu wa lita 1,300 kwa lita 5 unadumu dakika 260, karibu safari nzima. Kukatika kabisa kukitokea, ambu inafanya kazi bila mtungi, kwa hewa ya kawaida, na hiyo ni bora kuliko kumwangalia. Geuza gari kuelekea hospitali ya karibu, hata kama ni kurudi nyuma.

*Mratibu wa afya ya uzazi:* Kwetu mama anayepiga 115 ya m-mama (mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga) huweza kuchukuliwa na dereva wa jamii kama ambulensi iko mbali. Tuwape mitungi midogo?

Dereva wa jamii amefundishwa kumfikisha mama, na teksi yake haina pa kuufunga mtungi wala mtu wa kusoma geji. Mtungi usiofungwa ndani ya gari dogo lenye mtu anayevuta sigara ni hatari mpya. Kama mama au kichanga anahitaji oksijeni, mtoa huduma wa kituo alitamke hilo kwenye simu ya 115, ili wa upande wa pili atafute ambulensi yenye muuguzi. Kwa kichanga, hakikisheni ambulensi hiyo ina flomita ndogo inayosoma nusu lita. Flomita ya watu wazima inayoanzia lita 1 mtakuwa mnakisia, na mtungi wa E wa Uingereza uliojaa kwa nusu lita unadumu karibu saa 20, kwa hiyo hapo tatizo lenu halitakuwa mtungi, litakuwa joto la mtoto.