SOMO: Kupima mwendo wa damu kwenye aota kwa MRI, hatua kwa hatua

Habari zenu wadau. Vijana wa field hapa Mwanza wananiuliza sana, mgonjwa wa aota (mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo) akishapigwa eko (ultrasound ya moyo) au CT na upana wa mshipa ukajulikana, MRI (picha ya sumaku) ya nini tena? Nimeona niliweke hapa tusome wote, maana presha huku kanda ya ziwa imetapakaa na mshipa unaobeba mzigo wote huo ni aota.

Upana unakwambia ukuta umetanuka kiasi gani. Mwendo wa damu unakwambia ukuta unapigwa wapi. Watu wawili wanaweza wote kuwa na aota ya sentimita 4.5, mmoja damu yake inapita imenyooka vizuri, mwingine kazaliwa na valvu yenye vifuniko viwili badala ya vitatu (wapo mtu 1 mpaka 2 katika kila 100), damu inachomoka kiupandeupande inagonga sehemu ile ile ya ukuta kila pigo la moyo, mchana na usiku. Kwenye rula hao ni sawa, kwenye picha ya mwendo hawafanani kabisa.

Mashine inajuaje spidi? Inawasha sumaku inayopanda nguvu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, halafu inaigeuza kinyume. Nyama iliyotulia inarudi sifuri. Damu iliyosogea hairudi, inabaki na tofauti ya feizi, yaani mawimbi yake yanapishana na ya nyama iliyotulia, na tofauti hiyo inalingana na spidi yake. Wazo ni la siku nyingi, mwaka 1960 Erwin Hahn aliandika kuhusu kupima mwendo wa maji ya bahari kwa njia ya namna hii.

Hatua ya 1: Mgonjwa
Uliza vyuma, na uliza kweli kweli. Betri ya moyo, klipu zilizowekwa kichwani kwa upasuaji, na kwa mafundi welda na wanaosaga vyuma uliza kama kipande kiliwahi kumrukia jichoni, wengi hawasemi mpaka uwaulize kazi yao. Pima presha siku hiyo hiyo uiandike kwenye fomu. Halafu stika za ECG (za kusoma mapigo ya moyo): mtu kaja kajipaka mafuta ya nazi toka asubuhi, stika inateleza, mashine inapoteza mapigo na picha zote zinachanganyikana. Futa kifua kikauke, nyoa kama kuna nywele, usiendelee mpaka mawimbi yasomeke safi.

Hatua ya 2: Kata
Kata, yaani kipande chembamba cha mwili unachokipiga picha, lazima ikate mshipa mraba (nyuzi 90). Weka pale ateri ya mapafu inapogawanyika, hapo kata moja inapata aota inayopanda na inayoshuka kwa pamoja. Ukilaza nyuzi 30 tu, spidi ya juu inasomeka pungufu kama asilimia 13, na daktari ataamini mgonjwa ana nafuu ambayo hana. Hakikisha kwa picha mbili za pembe tofauti. Na eneo unalopima liwe katikati ya sumaku.

Hatua ya 3: Venki
Hapa ndo penyewe, soma taratibu. Venki ni kikomo cha spidi unachoiambia mashine. Aota ya kawaida anza na sentimita 150 kwa sekunde. Valvu iliyosinyaa angalia eko inasemaje, unaweza kufika 300, 400 au zaidi. Ukiweka chini ya spidi halisi, damu inayokimbia kuliko zote inasomeka kama inarudi nyuma, utaona mshipa mweupe una doa jeusi katikati, na hilo doa halina ukweli wowote. Ukiweka juu mno unaingiza chengachenga na spidi ndogo zinapotea humo. Weka juu kidogo ya unayotegemea, piga, angalia kabla mgonjwa hajashuka mezani. Ukiona doa panda venki rudia.

Hatua ya 4: Kupiga
Kata moja mgonjwa anabana pumzi kwa sekunde 10 mpaka 20, chukua angalau picha 20 ndani ya pigo moja. Ile ya 4D inapima pande zote tatu pamoja na muda, mgonjwa anapumua kawaida, dakika 5 mpaka 15.

Hatua ya 5: Kuchora na hesabu
Chora duara la mshipa kwenye kila picha, usichore moja ukaibandika kote, aota inatanuka na kusogea. Eneo mara spidi ya wastani, jumlisha pigo zima. Mfano mbele zimeenda mililita 90, zimerudi 27, valvu inavujisha asilimia 30. Kabla hujaandika weka duara kwenye nyama ya kifua iliyotulia: isiposoma karibu na sifuri kuna kosa la chini chini la mashine na lazima lirekebishwe, dogo hivyo hivyo likijumlishwa pigo zima linabadilisha jibu.

Hatua ya 6: Ripoti
Andika mizunguko ya damu uliyoiona, na kama ukuta umechanika andika damu inavyokwenda kwenye njia halisi na ile ya uongo (iliyojitengeneza ndani ya ukuta uliochanika). Lakini uamuzi wa upasuaji bado unaegemea upana, kawaida sentimita 5.5, kwa wenye Marfan (ugonjwa wa kurithi unaolegeza ukuta wa mshipa) 5.0, pamoja na hali ya mgonjwa. Picha za rangi ni nzuri sana ila zisimpeleke mtu theatre peke yake.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Igoma: Sindano ya dawa ya picha ni lazima?
Jibu: Kwa kata moja hapana. Kwa 4D inasaidia picha kung'aa, ila angalia figo kwanza.

Mwanafunzi, Nyegezi: Mkuu, kwa nini tusimalizie kwenye eko tu, bei rahisi?
Jibu: Anza na eko kila siku, ina kasi na inabebeka. Ila mawimbi yake hayapiti vizuri kwenye mapafu na mfupa, upinde wa aota na sehemu inayoshuka mara nyingi huioni vizuri. MRI haina shida hiyo, na kiasi cha damu inayorudi inakipima moja kwa moja.

Mdau wa Sengerema: Mzee wangu mapigo yanarukaruka, atapimwa?
Jibu: Mpe shikamoo mzee. Atapimwa, ila mashine inakusanya mapigo mengi kama yanafanana, yake hayafanani, kwa hiyo namba zitakuwa za wastani tu na lazima ripoti iseme hivyo. Mwambie anayepima mapema, asije kugundua mezani.

Mdau wa Ukerewe: Sisi wa visiwani, mtu akishikwa ghafla na maumivu makali ya kifua kama kinachanika yanaenda mgongoni, tumtafutie nafasi ya MRI?
Jibu: Hapana ndugu yangu, msitafute MRI. Mpelekeni hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, washushe presha, wampange rufaa ya CT na wapasuaji. Aota ikichanika sehemu inayopanda kila saa inahesabika. MRI ya mwendo wa damu atakuja kuifanya baadae akishatulia, kwenye ufuatiliaji.