Somo: Leseni ya teksi Dar ina milango mitatu, na halmashauri ni mmoja tu

Habari za kazi, wanachama wenzangu.

Haupiti mwezi kijiweni bila kuja mtu na swali lile lile: "Mwenyekiti, nataka kuingiza gari kwenye teksi, niende manispaa nikamwone nani?" Swali lenyewe limeshakosea njia, na hapo ndipo vishoka wanapopatia riziki. Gari lina anayeliamulia, dereva ana anayemwamulia, na mahali pa kuegesha pana waamuzi wengine kabisa. Ukichanganya, utalipa mara mbili na gari litabaki uani.

Nimepitia humo. Mwaka 2014 nilinunua Corolla kwa pesa ya mkopo, nikampa kishoka laki mbili na nusu nje ya ofisi moja hapa mjini. Alinirudishia karatasi yenye muhuri, nikaibandika kwenye kioo kwa furaha. Trafiki wa kwanza aliyenisimamisha aliisoma, akaniambia hii ni stakabadhi ya maegesho, tena ya mtaa mwingine. Gari lililala wiki tano, na huku ada za watoto zinadaiwa. Ndiyo maana naandika somo hili taratibu.

Hatua ya kwanza: dereva

Anza na wewe mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo muda mwingi unapokwenda. Leseni ya daraja B au D, ambayo ndiyo wengi wanayo mfukoni, haikuruhusu kubeba abiria kwa malipo. Unahitaji kundi la C. Kwa gari dogo la abiria wasiozidi wanne ni C3. Ukitaka Noah, panda C2. Ili uongezewe daraja hilo lazima uwe na cheti cha mafunzo ya udereva wa magari ya abiria kutoka chuo kinachotambuliwa. Wengi wetu tulisoma NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, wengine VETA. Usinunue cheti. Jina lako lisipokuwepo kwenye kumbukumbu za chuo, umenunua kesi.

Anayekupima na kukupitisha ni Polisi wa Usalama Barabarani, na malipo unalipa TRA. Tangu 2019 leseni inadumu miaka mitano badala ya mitatu. Sheria iliyoanzisha LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, mwaka huohuo iliipa pia mamlaka hiyo kazi ya kuthibitisha madereva wa magari ya biashara, kwa hiyo usishangae ukiitwa kwenye mtihani wao hata kama leseni ya polisi unayo.

Hatua ya pili: gari

Leseni ya gari kufanya biashara ya teksi inatolewa na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri wa nchi kavu na majini. Zamani za SUMATRA, bodaboda na bajaji walikatiwa leseni na halmashauri kwa niaba ya mamlaka, na nadhani mazoea ya "nimekata leseni manispaa" yalianzia huko.

Kabla hujaomba, panga mambo kwa mfuatano huu. Badilisha matumizi ya gari TRA, kutoka binafsi kwenda biashara, ili namba ya njano iwe nyeupe. Kisha kata bima ya gari la abiria. Ile ya gari binafsi haitakusaidia ukipata ajali na abiria ndani, na huyo abiria ni mtoto au mama wa mtu. Halafu lipeleke gari kwa mkaguzi wa polisi. Atatazama breki, taa, tairi, mikanda, usukani na kutu ya chini. Siku moja kabla, angalia kama gari linadaiwa faini za barabarani. Kila kosa ni 30,000, na deni la dereva aliyepita linakungoja wewe uliyenunua gari.

Ukishapata ripoti ya ukaguzi, ombi linafanyika kwenye mfumo wa LATRA wa mtandaoni kwa kutumia TIN, kadi ya gari, bima na ripoti hiyo. Unapewa kumbukumbu namba, unalipa benki au kwa simu. Pesa ya serikali hailipwi mkononi mwa mtu, hata akiwa amevaa kitambulisho shingoni. Leseni ni ya mwaka mmoja, na imefungwa kwa gari na mmiliki wake. Ukiuza gari, mnunuzi anaomba upya.

Hatua ya tatu: kituo, na hapa sasa ndipo halmashauri inapoingia

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo tunapoonewa zaidi na pia ndipo sauti yetu ina nguvu kuliko tunavyodhani.

Dar ina halmashauri tano: Jiji, ambalo ndilo Ilala ya zamani iliyopandishwa hadhi Februari 2021, kisha Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja inapanga matumizi ya eneo lake na kutunga sheria ndogo zake. Sheria ndogo haitoki kichwani mwa ofisa mmoja. Rasimu inatangazwa ili wananchi watoe maoni, inapita Baraza la Madiwani, kisha inangoja idhini ya waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Mtu akija kijiweni na kitabu cha risiti, una haki ya kumwuliza kwa adabu: hii ni sheria ndogo ipi, na ya mwaka gani?

Mkitaka kituo kipya kitambuliwe, msiende mmoja mmoja. Kaeni kikao, andikeni muhtasari wenye majina, sahihi na namba za magari, chagueni mwenyekiti na katibu. Barua ipite kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kutoka hapo inaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, naye anawapa wataalamu wake wa mipango miji na uhandisi.

Wataalamu wanauliza mambo ambayo mnaweza kuyajibu mapema: Magari mangapi? Yataziba njia ya waenda kwa miguu, au lango la shule au hospitali? Choo kiko wapi? Daladala zinashushia wapi? Tulipoomba sisi, tulichora ramani kwa mkono, tukapima upana wa eneo kwa hatua na kupiga picha asubuhi, mchana na jioni. Ofisa aliyekuja hakuwa na la kubishana nasi zaidi ya kutupunguzia magari mawili. Maoni ya wataalamu yanaenda kwenye kamati ya madiwani inayoshughulikia mipango miji na mazingira, kisha Baraza, ambalo vikao vyake vya kawaida ni kila miezi mitatu. Mkikosa kikao cha robo hii, mnangoja robo ijayo. Ombi likikwama, ulizeni limekwama kwenye kikao kipi.

Halafu kuna jambo linalowaangusha wengi: barabara ni ya nani? Za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambao tangu 2017 ndio wanaozisimamia. Barabara kuu kama Morogoro, Mandela na Bagamoyo ni za TANROADS, wakala wa barabara za taifa. Halmashauri haiwezi kukugawia hifadhi ya barabara ya TANROADS hata diwani akikupenda vipi. Nimeona kijiwe kilichokaa miaka kumi kikivunjwa asubuhi moja kwa sababu hiyo tu.

Maswali ya wanachama

Kaka wa Tabata: "Mwenyekiti, mimi naendesha gari la mkataba, nikimaliza hesabu ya miaka miwili linakuwa langu. Leseni ya LATRA niombe mimi au tajiri?"

Anayeonekana kwenye kadi ndiye anayeomba, yaani tajiri. Wewe hakikisha mkataba uko kwenye maandishi mbele ya wakili au mtendaji, na uandikwe nani analipia leseni, bima na ukaguzi. Siku ukikabidhiwa, kadi ihamishwe kwanza TRA, ndipo uombe leseni yako.

Mama wa Mbagala: "Mwanangu, mimi nina IST nimempa kijana ananiletea hesabu. Juzi kakamatwa, leseni yake daraja D. Kosa ni lake au langu?"

Pole, mama. Ni lake kwa kuendesha bila daraja, na linakugusa nawe uliyemkabidhi gari. Hofu yangu kubwa ni bima. Akigonga mtu huku hana daraja, kampuni inaweza kukataa kulipa, na watakaokuja kudai watagonga mlango wako. Msimamishe, kachukue nakala ya leseni yake, na umrudishe kazini akishapata C3.

Kijana wa Sinza: "Mzee, mimi natumia programu ya simu tu, sisimami kijiweni. Nahitaji haya yote?"

Kituo hukihitaji. Leseni ya gari, namba nyeupe, bima ya abiria na daraja la C unavihitaji kama sisi. LATRA inasimamia teksi mtandao pia. Mwaka 2022 ilipoweka kikomo cha asilimia 15 kwenye kamisheni, Uber ilisitisha huduma yake nchini kwa muda. Kikomo kilipandishwa baadaye, lakini kile kilikuwa kikomo cha kuwalinda madereva kama wewe.

Wenzetu wa Kigamboni: "Tumefukuzwa kituoni na mgambo, tuna barua ya mtaa. Tufanyeje?"

Barua ya mtaa peke yake si kibali. Ulizeni kwanza barabara ni ya nani. Kama ni ya TARURA, andikeni kwa mkurugenzi mkiomba sababu kwa maandishi, nakala kwa diwani na mkuu wa wilaya, na pendekezeni eneo mbadala mlilolipima wenyewe. Nendeni kwenye kikao cha Baraza, kiko wazi kwa wananchi. Hamtaongea, ila diwani akiona mashati thelathini ya madereva nyuma ya ukumbi atasimama kulisema jambo lenu.

Dada wa Ubungo: "Na LATRA ikininyima leseni?"

Omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni ripoti ya ukaguzi au TIN isiyolingana na kadi, unarekebisha na kuomba tena. Ukiona umeonewa, wasilisha malalamiko kwao kwanza, na uamuzi wao unaweza kukatiwa rufaa Baraza la Ushindani. Tunza kila karatasi yenye tarehe.

Kaka wa Buguruni: "Deiwaka, yule anayekushikia gari kwa muda, naye anahesabika?"

Anahesabika. Hata akishika usukani saa mbili tu ukiwa msikitini, daraja lake la C liwe mfukoni mwake.