Tambua mtindo wa mchoro wa Ulaya kwa kufuata mwanga

Ninafundisha uchoraji. Wanafunzi wangu wengi wakionyeshwa mchoro wa zamani wa Ulaya huuliza kwanza aliyechorwa ni nani na anafanya nini. Swali hilo halifiki mbali, kwani Bikira Maria na mtoto wamechorwa karne nenda karne rudi, kwa kila mtindo. Mimi huwaambia waanze na mwanga: unatoka wapi, unaangukia nini, unaishia wapi. Mara nyingi majibu hayo yanatosha kukufikisha kwenye karne yenyewe kabla hujasoma maelezo.

Andaa simu au kompyuta na picha zenye ubora wa juu. Jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, linaruhusu kupakua picha nyingi za kazi zake bure.

Hatua ya 1: Tafuta vivuli vya miguu

Tazama chini, pale watu waliposimama. Ukikuta nyuma yao dhahabu tupu, na chini hakuna kivuli, huenda uko Zama za Kati (takriban karne ya 5 hadi ya 15). Mfano ni Maestà, Bikira Maria akiwa kwenye kiti cha enzi, ambayo Mwitalia Duccio aliichorea kanisa kuu la Siena kati ya 1308 na 1311. Dhahabu ile ni mbingu, na mbinguni hakuna asubuhi wala jioni.

Sasa fungua michoro ya ukutani ya Masaccio katika kikanisa cha Brancacci, Florence, ya miaka ya 1420. Vivuli vya mitume vinalala upande mmoja, kana kwamba vimetupwa na mwanga wa dirisha halisi la kikanisa hicho. Watu wana uzito, nyayo zao zimekanyaga ardhi. Hiyo ni Renesansi, mtindo wa karne ya 15 na 16.

Hatua ya 2: Pima jinsi mwanga unavyokutana na giza

Usipite hapa haraka, maana ndipo Renesansi na Baroko, mtindo wa karne ya 17 uliofuata, huchanganywa. Kuza pembe za mdomo wa Mona Lisa, ambayo Leonardo aliianza mnamo 1503. Hutaona mstari. Alipaka rangi ya mafuta tabaka jembamba juu ya jingine mpaka mwanga ukayeyukia kivulini.

Kisha weka kando yake Wito wa Mathayo wa Caravaggio, wa 1599 na 1600, uliomo kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma. Mwale unaingia kutoka kulia, juu ya kichwa cha Kristo, unakata giza na kuwapata watu waliokaa mezani. Dirisha limechorwa pale pale ukutani, lakini halitoi mwanga wowote! Caravaggio aliuelekeza mwanga anakotaka wewe utazame. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulikuwa umemalizika 1563, na Kanisa Katoliki lilitaka picha za kumgusa muumini wa kawaida moyoni. Baroko ya Italia ilikua katika hali hiyo.

Ili kuihisi tofauti, punguza mwangaza wa skrini taratibu. Kwa Caravaggio, nyuso na mikono ndivyo vitakavyokuwa vya mwisho kupotea.

Jihadhari na mambo mawili. La kwanza, si kila mchoro wa karne ya 17 una giza hili: mjakazi amiminaye maziwa katika mchoro wa Vermeer anapata mwanga mpole wa dirisha la kushoto. La pili, vanishi ikizeeka huingia giza. Mchoro wa Rembrandt wa 1642 ulikuja kuitwa Zamu ya Usiku kwa sababu ya vanishi iliyoingia giza, ilhali tukio lenyewe ni la mchana.

Hatua ya 3: Ondoa rangi

Fungua picha yoyote ya machweo au mapambazuko unayoishuku, uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Anza na Mapambazuko ya Monet, ya bandari ya Le Havre, 1872. Jua karibu litoweke! Rangi yake ya chungwa ina mng'ao ule ule wa anga la kijivu linalolizunguka, kwa hiyo linawaka kwa rangi peke yake. Caravaggio ukimfanyia hivyo hapotezi mengi. Basi, picha ikivunjika rangi inapoondoka, na vivuli vyake vikiwa vya bluu au zambarau badala ya kahawia, fikiria Impreshonizimu, mtindo wa Monet na wenzake wa karne ya 19. Mirija ya bati ya kutilia rangi, iliyobuniwa na John Goffe Rand mwaka 1841, ndiyo iliyowarahisishia wachoraji hawa kazi ya nje.

Kati ya Baroko na Monet kuna mitindo mingine. Rangi laini ya waridi na majani mepesi, kama Bembea ya Fragonard ya 1767, ni Rokoko. Mwanga mkavu na kingo kali, kama Kiapo cha Wahorati cha David, 1784, ni Uklasiki Mpya.

Hatua ya 4: Mwanga ukikataa kukubaliana

Katika mchoro wa Picasso, Wasichana wa Avignon, 1907, huwezi kusema mwanga unatoka wapi. Picasso alikuwa ameona vinyago vya Afrika katika makumbusho ya Trocadéro, Paris, na nyuso mbili za kulia zinavikumbusha. Ukubizimu, mtindo wake na mchoraji Braque wa kuonyesha kitu kutoka pande kadhaa kwa pamoja, ulifuata. Ukikwama hivi, acha mwanga, hesabu pande: pua imeonwa ubavuni, jicho limeonwa mbele, na vyote vimo katika uso mmoja.